Anza na ploti, joka atafuata

Ramani nyingi za michezo ya kuigiza wahusika inayochezwa kwenye kompyuta huharibika kabla hazijapakwa rangi. Mchoraji hufungua programu, akasimamisha mnara, akapitisha mto, akapanda miti, akafukiza moshi juu ya mapaa, kisha mwisho kabisa akatandika gridi juu ya kila kitu. Hapo balaa huanza. Mstari wa gridi unakata mlango katikati, ngazi haijulikani kama inapitisha mtu mmoja au watatu, na sebule inatosha kikosi kizima cha askari. Wachezaji huishia kubishana kuhusu picha badala ya kuamua la kufanya. Hoja ya makala hii ni kwamba ramani ya mchezo huanza na kipimo, mapambo yakaja baadaye, na kwamba mchoraji wa Nairobi hana haja ya kuazima vipimo vya ngome za Ulaya. Anavyo vyake katika ploti za mtaani, na mtaa wa Fedha kule Embakasi unatosha kuonyesha hesabu yote.

Tuanze na kanuni. Katika Dungeons & Dragons, mchezo uliochapishwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1974 na ambao bado ndio unaotawala uwanja huu, mraba mmoja wa ramani ni futi 5 kwa futi 5, na mhusika wa kawaida hutembea futi 30, yaani miraba 6, kila zamu yake inapofika. Majukwaa ya meza pepe, yaani ya kuchezea mtandaoni, yamejengwa juu ya hesabu hiyo. Roll20, iliyoanza 2012, huupa kila mraba pikseli 70. Foundry, iliyotoka 2020, huanza na pikseli 100. Sasa tazama Nairobi. Katika matangazo na katika mazungumzo ya madalali, ploti ni ya 50 kwa 100 au ya 40 kwa 80, na hakuna anayeuliza kama hizo ni futi au mita, kwani kila mtu anajua ni futi. Gawanya kwa 5: ploti ya 50 kwa 100 ni miraba 10 kwa 20 bila mabaki, na ya 40 kwa 80 ni miraba 8 kwa 16. Barabara ya mtaa yenye upana wa mita 9 inakaribia kabisa futi 30, miraba 6, kwa hiyo mhusika huivuka kwa zamu moja na kufika upande wa pili pumzi ikiwa imemwishia. Mchoraji hakuhitaji kubuni chochote, kwani gridi ya mchezo na ploti ya Nairobi zimekuwa zikitumia kipimo kimoja muda wote.

Kipimo hicho kikishawekwa, ukubwa wa ramani huja wenyewe. Ploti 4 zilizopangana upande mmoja wa barabara, nyingine 4 zikizitazama, na barabara katikati, ni futi 200 kwa 230, yaani miraba 40 kwa 46. Kwa pikseli 70, picha inakuwa ya 2,800 kwa 3,220. Namba hizi zina uzito kwa sababu kompyuta na simu nyingi za bei nafuu hulemewa picha inapozidi pikseli 4,096 upande mmoja, na kwa sababu wachezaji wengi wanapakua ramani kwa bando la simu. Linganisha na mtu anayetaka kuchora mji mzima wa kale wa Gede, karibu na Watamu, ambao ukuta wake wa nje unazunguka takriban ekari 45. Kwa futi 5 kwa mraba, hiyo ni miraba isiyopungua 78,000, na picha yake ingevuka pikseli milioni 380. Hakuna meza pepe itakayoibeba kwa raha. Gede yafaa ichorwe mara mbili: ramani ndogo ya mji mzima isiyo na gridi, ya kuonyesha wahusika wako wapi, na ramani za mapambano za jumba la mtawala, msikiti mkuu au kisima kimoja kimoja. Fedha nayo ni hivyo hivyo. Mtaa mzima ni wa kutazamwa, vita ni vya ploti 8.

Kazi yenyewe ina hatua chache. Mistari ya majengo na barabara hupatikana OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo Nairobi iliifahamu zaidi baada ya vijana wa Kibera kuanza kuchora mtaa wao mwaka 2009 katika mradi wa Map Kibera. Leseni yake inaruhusu matumizi mradi chanzo kitajwe, jambo ambalo picha za setilaiti za kampuni za biashara haziruhusu kirahisi. Mistari hiyo huingizwa katika programu ya bure kama Inkscape, gridi ikiwa imewashwa tangu mwanzo, kisha kila ukuta husogezwa hadi mstari ulio karibu. Jengo la futi 47 linakuwa la 45. Huo si udanganyifu. Makosa ya futi 2 hayaonekani na mchezaji yeyote, lakini mraba nusu humsumbua kila zamu. Ukuta hukaa juu ya mstari wa gridi, haumezi mraba, kwani ukuta wa mawe wa Nairobi haufiki hata robo ya futi 5. Mlango hupewa mraba mzima. Baada ya hapo ndipo rangi inaingia: udongo mweusi wa Embakasi unaonata mvua ikinyesha, geti la chuma, maduka ya chini, kamba za nguo kwenye balkoni, tangi za maji juu ya paa. Kila kitu kipambacho kikae katika tabaka lake ili kiweze kuondolewa, na picha ya mwisho itolewe kwa WebP, ambayo huwa nyepesi kuliko PNG kwa mbali.

Mtaa uliopimwa hivi huanza kutoa maamuzi bila mwendesha mchezo kueleza sana. Fleti za upande wa Tassia, jirani na Fedha, hujaza ploti karibu hadi mpakani, hivyo kati ya paa na paa kuna mraba mmoja au usiwepo kabisa. Kanuni za toleo la tano zinasema mhusika mwenye nguvu 10 akikimbia kwanza huruka futi 10. Basi anaweza kukimbia juu ya mapaa ya ploti 4 mfululizo, akifika barabarani amekwama. Mpira wa moto wa mchawi huenea futi 20 kila upande kutoka katikati, jumla miraba 8. Katika ploti yenye upana wa miraba 10, anayeurusha uani hubakisha mraba mmoja tu salama kila upande, na rafiki zake wamo ndani. Korido ya fleti yenye upana wa mraba mmoja humlazimu zimwi la miraba 2 kwa 2 kujikunyata na kupigana vibaya, na joka la miraba 3 kwa 3 halipandi ngazi hata kidogo. Hakuna hata moja kati ya haya lililoandikwa kwenye hadithi. Yote yametoka kwenye vipimo.

Pwani inathibitisha jambo hilo hilo kwa upande wa kuta na mwanga. Nyumba ya mawe ya Lamu ina vyumba virefu vyembamba, upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi, kwa sababu dari yake hubebwa na boriti za mikoko na boriti haizidi urefu huo. Katika gridi, hiyo ni miraba 2. Watu wawili husimama bega kwa bega na wa tatu hana nafasi. Tena anayeingia kutoka daka, kibaraza cha mlangoni, hupita tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na kugeuka kabla ya kuona kiwanda, yaani ua wa ndani, halafu vyumba vya msana wa tini, msana wa yuu na ndani hufuatana, kila kimoja kikizidi giza. Mwenge wa mchezo humulika vizuri futi 20 na kwa ufifi futi 20 nyingine. Katika ukumbi wa ngome mwanga huo hufichua kila kitu mara moja, katika nyumba ya Lamu ile kona ya tekani huuzuia. Lakini jukwaa halijui kuwa mstari mweusi kwenye picha ni ukuta. Katika Foundry kuta huchorwa kando, mstari kwa mstari, na milango hutiwa alama yake. Programu ya kuchorea ramani ya Dungeondraft hutoa faili yenye picha, kuta na taa kwa pamoja. Ukuta uliokaa sawasawa juu ya gridi huchorwa kwa dakika chache, wa kukadiria hupitisha mwanga kwenye pembe na siri ya ndani ikatoka nje.

Kete zinazowakilisha wahusika nazo zinadai nidhamu hiyo hiyo. Katika pikseli 70 uso wa mtu ni doa tu. Kinachosomeka ni umbo la mabega, silaha, rangi ya pete inayozunguka kete. Vifurushi vingi vya michoro vimetengenezwa kwa wahusika weupe juu ya sakafu ya mawe ya kijivu. Mhusika mweusi mwenye koti jeusi juu ya udongo mweusi wa Embakasi hupotea machoni. Dawa yake ni pete yenye rangi ya kung'aa, na kipimo cha haraka ni kugeuza ramani yote iwe nyeusi na nyeupe: kete isiyoonekana hapo itawapotea wachezaji pia. Vyombo vipewe ukubwa wake wa kweli. Matatu ya viti 14 ina urefu wa mita 4.7 hivi, yaani miraba 3 kwa 1, na ikiegeshwa kukingama huziba nusu ya barabara. Hata majitu yapo nyumbani. Katika ngano ya Sultani Majinuni, aliyoichapisha Edward Steere mwaka 1870, paka huanza kwa kula mifugo na kuishia nunda mla watu. Huyo ni adui mmoja mwenye kete tatu: ya mraba 1, ya 2 kwa 2 na ya 3 kwa 3, na kila anapokua kuna milango ambayo hawezi tena kuipita.

Wapo watakaosema watu hucheza ili watoke Fedha, hawachezi ili warudishwe geti lile lile waliloliacha jioni. Ni kweli, na ndiyo maana mapambo yanabadilika: fleti inakuwa mnara wa wachawi, tangi la maji linakuwa sufuria ya dawa, barabara inakuwa mto. Kinachobaki ni upana. Mchezaji anayejua kwa miguu yake umbali wa kuvuka barabara ya mtaa huamua haraka kuliko anayekisia upana wa daraja la ngome asilowahi kuona. Wengine husema ramani haihitajiki kabisa, maneno ya mwendesha mchezo yanatosha. Yanatosha kwa mazungumzo sokoni na kwa safari. Hayatoshi watu 5 wanaposikilizana kupitia mtandao unaokatika na kila mmoja ana korido yake kichwani. Pingamizi zito zaidi ni la picha za akili bandia, ambazo hutoka kwa sekunde na huvutia. Lakini picha hizo hazijui mraba. Mlango wake una upana wa futi 4 hapa na 9 pale, ngazi hazifiki popote, na kuzinyoosha juu ya gridi huchukua muda mrefu kuliko kuchora upya. Zitumike kwa nyuso za wahusika na mandhari ya kutazamwa, na mistari ya kuta ibaki kazi ya mkono.

Kwa hiyo anayetaka kuanza asinunue kifurushi cha ngome kwanza. Achukue ploti moja ya 50 kwa 100, aiweke miraba 10 kwa 20, achore kuta na milango kwa mistari mitupu, aweke kete nne na zimwi moja, kisha awape wachezaji zamu tatu. Ramani ikileta ubishi wa mbinu, inafaa kupakwa rangi. Ikileta ubishi wa vipimo, arudi kwenye gridi.