Milango Miwili kwenye Njia ya Leparua

Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda Safari Rally kwa Peugeot 504 Coupé ya injini ya V6. Nyuma yake alikuja Vic Preston Mdogo wa Kenya akiendesha Porsche 911. Gari lililozaliwa kwa spoti lilishindwa na gari lenye mifupa ya kifamilia, kwa sababu chini ya bodi ile nzuri ya Pininfarina kulikuwa na 504 yetu ya kawaida, iliyoungwa Mombasa na kubeba wazazi, walimu na abiria wa matatu nchi nzima. Anayetaka gari la spoti la milango miwili liwe gari pekee la nyumbani huko Leparua, nje ya Isiolo, aanzie hapo.

Peugeot walifanyaje? Kwenye 504 ya milango minne, ekseli ya mbele na ya nyuma zimeachana mita 2.74. Kwa Coupé walipunguza hadi 2.55, lakini springi za koili zenye mwendo mrefu wakaziacha kwenye kila gurudumu. Nissan walikwenda kinyume. Datsun 240Z yao, mshindi wa Safari mwaka 1971 na 1973, ilikuwa na viti viwili tu. Walipotaka watoto wakae nyuma, mwaka 1974 walileta 260Z ya viti vinne na kuongeza sentimita 30, kutoka mita 2.305 hadi 2.605. Mmoja alikata, mwenzake akaunga, wakakaribia kukutana. Na Probox, inayobeba kila kitu Isiolo? Nayo ni mita 2.55. Kwa hiyo urefu kati ya ekseli si hoja.

Hoja ni tumbo. Ukiacha lami Isiolo ukaelekea Leparua, upande wa hifadhi ya Lewa, unakutana na mawe na laga, mikondo mikavu ya mchanga yenye kingo kali. Gurudumu la mbele linashuka, la nyuma bado liko juu, na katikati panakwaruza. Gari la mita 2.55 lenye sentimita 15 chini ya tumbo hugusa tuta linalozidi takriban digrii 13. Ukilirefusha hadi 2.74 unapoteza chini ya digrii moja tu. Ukiliacha na 2.55 ukaliinua sentimita 5, unafika karibu 18. Toyota 86 ya kisasa, yenye takriban sentimita 13, haifiki hata 12.

Basi pesa ziende kwenye kimo: springi ndefu, shokomzoba zinazolingana nazo, na bamba la chuma la kukinga sampu. Spesa peke yake siipendekezi, maana huinua bodi bila kuongeza mwendo wa springi. Badilisha pia rimu. Tairi la 205/55 kwenye rimu ya inchi 16 lina kimo karibu sawa na 215/45 kwenye inchi 17, ila ukuta wake wa mpira ni mrefu zaidi kwa sentimita moja na nusu hivi, na mawe hukata ukuta kwanza. Spea ya kweli ibebwe. Miiba ya migunga haisubiri.

Milango ndiyo inayosumbua kweli. Watoto lazima waingie kwanza, kiti cha mbele kirudishwe, ndipo nyanya akae. Kiti kiko chini sana, na kutoka kwake ni kazi ya kushikwa mkono. Fundi hawezi kuongeza mlango, lakini sentimita 5 zile zile zinainua kiti pia, na magoti ya mzee huhisi tofauti hiyo.

Kisha maji. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80 juu ya ekseli ya nyuma au nyuma yake, na mkia hukaa. Fundi akikuonyesha nafasi iliyo chini ya gari likiwa tupu gerejini, mwambie apime tena mitungi ikiwa imejaa butini, watoto nyuma na nyanya mbele. Springi zichaguliwe kwa kipimo hicho cha pili.