Riwaya ya Madai ya Pamoja na Wasomaji Wake wa Forodhani

Katika kuichambua kazi ya fasihi tumezoea kuuliza mwandishi amesema nini. Safari hii tunataka kuuliza swali jengine: wasomaji wamesikia nini? Kwani kitabu kimoja chaweza kumwamsha msomaji mmoja na kumlaza mwengine, na kada anayetaka kuijua hali ya fikra za vijana atajifunza mengi zaidi kwa kuwasikiliza wakibishana juu ya riwaya kuliko kwa kuwapa mtihani.

Riwaya yenyewe ni The King of Torts ya Mmarekani John Grisham, iliyotoka mwaka 2003. Nakala iliyokwisha kung'oka jalada imepita mikononi mwa wanafunzi wengi, nasi tumewasikiliza jioni kadhaa pale Forodhani, kwenye ukuta wa bahari, huku watoto wakijirusha majini na moshi wa mishikaki ukitufumba macho. Hadithi ni nyepesi kusimulia. Clay Carter, wakili wa watuhumiwa maskini katika mji wa Washington, anaendewa na mtu wa siri aitwaye Max Pace. Huyo anamnong'oneza kwamba dawa ya maumivu ya viungo, Dyloft, inaotesha vivimbe katika kibofu cha mkojo. Clay anatangaza katika televisheni, anakusanya wagonjwa kwa maelfu, anaishitaki kampuni ya Ackerman, na kampuni inalipa. Wakili anachukua fungu lake kwa kila kichwa. Ananunua ndege. Halafu anaanguka.

Wasomaji wengi walikuwa wameshikwa na ile ndege. Tuwe wakweli: nasi tulisoma kurasa hizo kwa kasi kuliko nyengine, maana Grisham anajua kumvuta msomaji. Lakini tulipowauliza wagonjwa wa Dyloft walipata nini, majibu yalikuja kwa kusuasua. Aliyemkumbuka Ted Worley, mzee aliyelipwa kiasi asichokitaka na ambaye baadaye kivimbe chake kiligeuka saratani, alikuwa mmoja tu, msichana anayesomea uuguzi. Wengine walimkumbuka kama kikwazo katika safari ya shujaa. Hapo ndipo ilipo kasumba, nayo haitokani na ujinga wa msomaji, bali na kitabu chenyewe, kilichomweka wakili mbele na umma nyuma kama pazia.

Kuna kundi la pili, na hili ndilo lililotutia wasiwasi khasa. Hawa, wengi wao wanafunzi wa sheria, wamehitimisha kwamba madai ya pamoja ni wizi uliovaa joho, na kwamba mnyonge asidanganyike kuingia katika mambo hayo. Wanatoa mfano wa kampuni ya saruji ya Hanna katika riwaya hiyo. Kampuni ilikuwa tayari kuwalipa wenye nyumba zilizoharibika, lakini wakili alishikilia fungu kubwa mno, mapatano yakavunjika, kampuni ikafilisika, wafanyakazi wakakosa kazi. Mfano wenyewe ni sahihi. Hitimisho ndilo bovu. Riwaya hiyo hiyo inaeleza kwamba siri ya Dyloft ilitoka kwa kampuni shindani, Philo, iliyotaka kuiona Ackerman ikidhoofika, na kwamba Clay mwenyewe alicheza kamari ya hisa juu ya anguko hilo. Maana yake, kilichoitwa vita vya wagonjwa kilikuwa ugomvi wa bepari na bepari, na wagonjwa walikuwa silaha tu. Mwandishi ameliona jambo hili, akalipita, akarudi kuuadhibu uroho wa mtu mmoja. Mwisho kijana anapanda ndege kwenda London na mchumba wake, na mitambo inayozalisha madhara na mawakili inaendelea kunguruma.

Sasa tuyatoe madai ya pamoja katika riwaya tuyaweke Afrika Mashariki. Juni 2009 wazee watano wa Kenya waliishitaki Serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London kwa mateso waliyoyapata katika kambi za kizuizini za miaka ya 1950. Serikali hiyo ilijitetea kwamba dhima haikuwa yake, kisha kwamba muda umepita mno. Jaji McCombe aliukataa utetezi wa kwanza mwaka 2011, na wa pili Oktoba 2012. Kesi ilisababisha kufichuka kwa majalada ya kikoloni yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri William Hague alieleza majuto Bungeni, na zikakubaliwa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa wadai 5,228. Msomaji apige hesabu mwenyewe: hata bila ya kuondoa gharama, haifiki pauni 4,000 kwa mtu aliyehasiwa au kuvunjwa viungo. Wadai wengine zaidi ya 40,000 walifuata kwa kesi nyengine, nayo mwaka 2018 ikatupwa, kwa sababu kubwa ya kupita kwa muda.

Je, wale wanafunzi watasema wazee wasingekwenda? Majalada yale yasingefunguliwa kwa heshima ya mabeberu. Na mwaka huo huo wa 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Tofauti kati ya wavuvi hao na wagonjwa wa Dyloft si uaminifu wa wakili, ingawa huo nao una uzito wake. Wavuvi walikuwa wakijuana kabla ya kesi. Walikuwa umma kabla ya kuwa wadai. Wagonjwa wa Clay walikutana katika orodha ya kompyuta tu.

Kwa sababu hiyo tuliwashauri vijana waisome riwaya ya Grisham pamoja na Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979. Baadhi yao walikuwa wameisoma skuli kwa ajili ya mtihani na wakaisahau. Humo hakuna ndege. Wamo makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wa 1948, ambao katika historia ulianza kwa wachukuzi wa bandarini na kuenea mjini. Kama riwaya Kuli ina dosari zake: wabaya ni wabaya mno, na mahali pengine mazungumzo yanageuka mhadhara. Grisham angeziondoa kurasa hizo. Lakini msomaji wa Kuli hawezi kusahau nani anadai na anadai nini, maana wadai ndio wahusika wakuu.

Jioni ya mwisho mzee mmoja aliyepata kufanya kazi bandarini Malindi alikuwa amekaa karibu nasi na kikombe chake cha kahawa. Hajakisoma kitabu. Alitaka asimuliwe habari za Worley, akasimuliwa.

"Wanangu," akauliza, "huyo mzee aliulizwa kabla ya kukubaliwa hizo pesa?"

"Hakuulizwa, babu. Karatasi aliyoitia saini mwanzo ilikuwa imekwisha kumpa wakili idhini."

"Na wenziwe?"

Kijana wa sheria akafungua kitabu, akaanza kutafuta ukurasa.