Kigogo: Majoka Tunamjua, Je, Tunu Ataongoza Vipi?

Kijana yeyote aliyefanya KCSE hapa Kakuma wakati Kigogo ya Pauline Kea ilikuwa inatahiniwa anaweza kukutajia sifa za wahusika usiku wa manane. Majoka ni katili, mbinafsi, mwenye tamaa. Tunu ni jasiri, mtetezi wa haki, mwenye msimamo. Ukiandika hivyo unapata alama zako, unaenda nyumbani. Lakini kwetu sisi tunaochagua viongozi wa blok na kuishi nao mlango kwa mlango, majibu hayo hayatoshi. Tumejifunza kumtambua kiongozi mbaya. Mzuri tunamjua kwa kupinga tu.

Kwa wale hawajaisoma, tamthilia inatupeleka Sagamoyo, jimbo la kubuni. Majoka amefunga Soko la Chapakazi, na riziki ya watu imekatika. Huku njaa ikiuma, yeye anaandaa sherehe za uhuru na anataka Sudi achonge kinyago cha shujaa. Sudi anakataa, ingawa pesa zingemsaidia. Ashua, mkewe Sudi, anaishia kufungwa. Tunu anaumizwa mguu, lakini anaendelea kuhimiza watu wakutane nje ya lango la soko.

Walimu wengi husisitiza ukatili wa Majoka. Kwangu mimi kinachotisha zaidi ni masikio yake. Mshauri wake ni Kenga, na Kenga humwambia kile anachopenda kusikia. Halafu kuna ile sehemu Majoka anazimia, akiwa katika hali ya kama ndoto anakutana na Babu, na Babu anamwambia ukweli. Fikiria hiyo, ndugu msomaji. Kiongozi wa jimbo zima mpaka apoteze fahamu ndipo asikie neno la kweli! Hapo Kea ameandika vizuri kuliko hotuba yoyote juu ya unyenyekevu. Hekima ya kiongozi ianze na watu wanaoruhusiwa kumwambia, "Mzee, hapa umekosea," na kesho yake bado wakasalimiwa.

Sehemu ya pili ninayoipenda ni Mangweni. Tunu anaenda kwa Mamapima, mahali pa pombe, kuwaalika walevi kwenye mkutano. Wanamcheka, mguu wake wanautania. Wanaharakati wengi wangesema hao si watu wa maana, tuendelee na wenye akili. Yeye anawafuata pale pale walipo na anavumilia maneno yao. Kikundi chetu cha vijana kilipofanya mazoezi ya mchezo huu, wavulana watano waligombania kuwa Majoka, kwa sababu anatoa amri na ana kiti kizuri. Nafasi ya Tunu ilikaa wazi karibu wiki. Hiyo peke yake ni somo. Unyenyekevu jukwaani haung'ai, na hata kwa maisha ni hivyo.

Sasa lawama yangu. Tamthilia inafunga pazia mapema. Kingi anakataa kupiga watu risasi, Kenga anahama dakika ya mwisho akiona upepo umegeuka, Majoka anaanguka, watu wanashangilia. Basi. Tunu hatumwoni akigawa kitu kisichotosha. Hatumwoni na Kenga mpya pembeni akimsifu. Na Kenga mwenyewe, kuhama upande si toba. Kupinga dhuluma kunahitaji ujasiri, lakini kuongoza baada ya hapo kunahitaji kitu kingine.

Sisi hapa tunajua kitu hicho. Mwaka 2025 WFP ilipoanza kutoa msaada kwa makundi, wengine wakapata zaidi, wengine kidogo, na kundi la mwisho likakosa kabisa, kiongozi wa blok hakuwa na uwezo wa kubadilisha hata jina moja. Lakini alikuwa na la kufanya. Angeweza kujificha, angeweza kujifanya anajua kila kitu, au angeweza kukaa na mama aliyekosa, aseme, "Hili sijui, twende tuulize pamoja." Na ninyi wafanyakazi wa mashirika, mnapotafuta kiongozi wa kufanya naye kazi, msiangalie tu anayeongea Kiingereza vizuri na kuitikia kila jambo kwenye mkutano. Sagamoyo ilikuwa na mtu kama huyo, jina lake Kenga.

Pamoja na lawama hiyo, naipendekeza Kigogo kwa kila kikundi cha maigizo kambini. Ila msimalizie pale langoni. Baada ya makofi, waulizeni watazamaji: kesho asubuhi Tunu aanze na nini? Sisi tulipouliza, vijana walisema akamate watu wa Majoka. Mama mmoja muuza mandazi akanyoosha mkono, akasema, "Kwanza aulize nani atafagia hilo soko, na yeye ashike ufagio."