Umati au Mashahidi?

Wapo wafasiri wanaotumia istilahi "data za umati" kutaja taarifa za hatari za barabarani ambazo waendesha baiskeli wa mijini huzituma wenyewe kwa simu. Istilahi hiyo ni fupi, lakini haifai. Umati ni watu waliosongamana tu. Hauulizwi jambo wala hautoi habari. Wanafunzi na wakazi waliochora Ramani Huria ya Dar es Salaam kuanzia mwaka 2015 hawakuwa umati. Nchini Kenya, mradi wa namna hiyo ulioanzishwa mwaka 2008 ulipewa jina la Ushahidi: mtoa habari ni shahidi. Twapendekeza "taarifa za changizo".

Kosa la pili ni zito zaidi. BikeMaps, iliyoanzishwa Kanada mwaka 2014, hukusanya habari za migongano, na pia za mtu aliyeponea chupuchupu, ambazo kwa kawaida haziandikwi polisi. Kuziita hizi "ajali zisizotokea" ni kupotosha. Ajali hubeba pia maana ya majaaliwa, na wahenga walinena kuwa haina kinga. Ilhali taarifa hizi hukusanywa ili kinga ipatikane. Mswahili husema, "Nilikoswakoswa na gari." Basi istilahi na iwe "kukoswakoswa".

Mwalimu wa Kakesio, wilayani Ngorongoro, ataelewa neno hilo bila kamusi. Fomu ikiuliza jambo lisiloeleweka, mwendeshaji hataijaza, na njia panda ya hatari itabaki vilevile.