Fundi Chokaa

Mtu wa Tingi, kwetu pande za Ziwa Nyasa, akishuka bandarini Malindi, Unguja, akaingia vichochoro vya Mji Mkongwe, ataoneshwa milango kwanza. Atasimamishwa mbele ya mbao zilizochongwa minyororo, samaki na maua, aambiwe huu ni wa Kiarabu na ule wenye tao juu ni wa Kihindi, apige picha, asonge mbele. Wachongaji wamekwisha kusifiwa, na wanastahili. Mimi namsifu mwenzao ambaye kazi yake ikiwa nzuri hakuna anayeitazama: fundi chokaa.

Nyumba nyingi za huko ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, kuta zake nene nusu mita au zaidi. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa mkoko una kikomo cha urefu, vyumba vikawa vyembamba na virefu. Tajiri alikuwa na fedha zake, lakini upana wa sebule uliamuliwa na mti.

Chokaa hutoka katika matumbawe hayohayo. Magogo hupangwa, mawe yakalundikwa juu, moto ukawashwa ukala mchana na usiku. Jiwe lililoiva huwa jepesi na jeupe. Likimwagiwa maji huchemka, hupasuka, hugeuka unga. Kisha huloweshwa likaachwa kwa majuma, hata miezi. Fundi mwenye haraka huharibu hapa, maana punje isiyolowa sawasawa itakuja kuvimba ukutani na kuibandua lipu, yeye akiwa amekwisha kulipwa na kwenda zake. Siku ya kupaka, ukuta hulowanishwa kwanza. Hupakwa tabaka jembamba, likakandamizwa kwa mwiko, likaachwa likauke taratibu, ndipo lije la pili. Juu ya paa, zamani, watu walipanga mstari wakaitwanga chokaa kwa vipande vya mti huku wakiimba, hadi ikashikana.

Kwa nini taabu yote hiyo? Ni kwa ajili ya maji. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu wa masika na wa ardhini, kisha huutoa jua likiwaka. Ukiupaka saruji, unyevu unakosa pa kutokea. Unabaki ndani ukiilegeza chokaa ya zamani na kuozesha ncha za boriti, huku kwa nje nyumba inang'aa. Siku lipu ya saruji inapobanduka, huondoka na uso wa jiwe.

Anayetoka Mbinga hahitaji mhandisi wa kumweleza jambo hili, kwani ngoro za Wamatengo wa huko, yaani mashamba yao ya mashimo na matuta, zimesimama juu ya akili hiyohiyo. Majani hufyekwa, yakapangwa miraba kwenye mteremko, udongo wa katikati ukachimbwa na kuyafunika, na shimo likabaki. Mvua kubwa ikija hutulia shimoni, ikazama polepole, na maharage yanasimama juu ya tuta. Mkulima wa ngoro na fundi chokaa hawakuonana, lakini wote wawili waliyapa maji njia badala ya kushindana nayo. Na kazi zote mbili hurudiwa. Ukiziacha misimu michache, mteremko na ukuta vyote vinaporomoka.

Sisi wa Ziwa Nyasa tuna deni la kumbukumbu na mji ule. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa kutoka pande za ziwa ilishuka hadi Kilwa, na wengi wakavushwa kwenda kuuzwa Unguja. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, palepale sokoni. Misheni iliyolijenga ndiyo iliyokuja baadaye kukaa Likoma na Liuli, huku kwetu ziwani. Kwa hiyo nikizisifu kuta za Mji Mkongwe sisahau ni migongo ya nani iliyobeba utajiri uliozijenga. Ufundi ni wa kweli, na dhuluma nayo ni ya kweli.

UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Orodha haishiki ukuta. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati, wakafa watu wawili. Jumba lile lina nguzo za chuma na mambo mengi mbali na chokaa, wala simtafuti mchawi. Nasema tu kwamba fedha za kupaka rangi mlango hupatikana upesi kuliko fedha za kumlipa mtu miezi miwili akisubiri chokaa iive, na vijana huona ni kazi ya wazee.

Basi wewe mwenye nyumba ya mawe, iwe Unguja, Lamu au Bagamoyo, ukuta ukimeguka usikimbilie duka la saruji. Mtafute fundi chokaa, mlipe vizuri, na umwombe aje na kijana wa kumfundisha.