Mkalimani wa FNB: kosa lilikuwa kumwacha jukwaani

Tuliotazama kumbukumbu ya Nelson Mandela pale FNB Stadium, Soweto, tarehe 10 Desemba 2013, tunakumbuka mvua, tunamkumbuka Obama, tunakumbuka Zuma, rais wa nchi wakati ule, akizomewa na watu wake mwenyewe. Na tunamkumbuka yule bwana wa suti, mkalimani wa lugha ya alama, aliyesimama hatua moja kutoka kwa wasemaji, akisogeza mikono mbele ya dunia nzima kwa alama ambazo viziwi wa Afrika Kusini hawakuzielewa. Lawama zote zilimwangukia yeye. Kwangu mimi kosa kubwa la siku ile ni la waliomwacha pale, hotuba baada ya hotuba, wakati tayari ilikwisha julikana kwamba hakuna kinachofika.

Turudi kwenye hotuba ya Obama, maana ndiyo iliyotazamwa na wengi. Mle ndani kulikuwa na majina: Gandhi, King, Lincoln. Jina la mtu katika lugha ya alama halipungiwi mkono tu. Ama lina alama yake inayojulikana, ama linaandikwa kwa vidole, herufi moja moja. Mtazamaji asiyejua hata alama moja angeweza kuiona kazi hiyo ya vidole, kwa kuwa ni ya haraka, inafanyika mahali pamoja mbele ya bega, na haifanani na kitu kingine. Mimi sikuiona. Kulikuwa na neno ubuntu, ambalo Obama alilikalia kwa muda. Hapo pia mikono iliendelea na miondoko ileile michache iliyokuwa ikirudiwa tangu mwanzo.

Kisha utazame uso. Obama alifika mahali pa kujiuliza yeye binafsi ameyafuata mafunzo ya Mandela kwa kiasi gani. Hilo ni swali, na katika lugha za alama swali huonekana usoni: nyusi hupanda au hukunjwa, kichwa huinama, macho humshika mtazamaji. Ni sarufi hiyo, kama kiulizi kilivyo sarufi kwetu. William Stokoe wa Gallaudet, chuo cha viziwi cha Marekani, alionyesha mwaka 1960 kwamba alama hujengwa kwa sehemu zinazopambanulika: umbo la kiganja, mahali pake mwilini, na mwendo. Waliomfuata wakaongeza mwelekeo wa kiganja na uso. Ukibadilisha sehemu moja, maana inabadilika au inapotea. Pale FNB uso ulikuwa mkavu kuanzia salamu mpaka kilele. Kwa kipimo hicho kimoja tu, mtu mwenye ujuzi angetoa hukumu ndani ya dakika mbili.

Na waliotoa hukumu walikuwepo. Wilma Newhoudt-Druchen, wakati huo mbunge kiziwi wa chama tawala chenyewe, aliandika kwenye Twitter shughuli ikiwa inaendelea kwamba mtu yule hawezi kutumia alama. Shirikisho la viziwi nchini humo lilisema baadaye kwamba hata "asante" hakuisema sawasawa, na kwamba malalamiko kumhusu yalikwisha fikishwa kwa chama kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo taarifa zilikuwepo kabla, na zilikuwepo palepale. Kilichokosekana ni mtu mmoja nyuma ya jukwaa mwenye mamlaka ya kusema: mshushe, mlete mwingine. Hakuna aliyemshusha. Akafuata msemaji mwingine, na mwingine, na yeye yupo.

Mwenyewe alieleza siku zilizofuata kwamba ana ugonjwa wa akili na kwamba alianza kuona maono akiwa palepale jukwaani, akashindwa kuondoka. Maelezo hayo yanauzidishia uzito uamuzi wa kumwacha peke yake. Mkalimani wa lugha ya alama hafanyi kazi ya saa nyingi bila mwenzake. Utaratibu unaojulikana ni watu wawili kupokezana kila dakika 20 au 30, kwa sababu akili huchoka kabla ya mikono, na anayepumzika hakai kando akinywa maji. Hukaa mbele ya anayefanya kazi, akimrushia neno lililompita. Siku ile hakukuwa na wa kupokezana wala wa kumwona mwenzake ameelemewa. Angekuwepo, hata ugonjwa ungegundulika mapema na mgonjwa angesaidiwa.

Kwa upande wa kuonekana, jukwaa lenyewe lilipangwa vizuri: mkalimani karibu na msemaji, kamera ikimpata kuanzia kichwani hadi kiunoni.

Kiini cha uamuzi mbaya wa kumwacha pale ni hiki. Waingereza wana kitenzi chao, convey, wanachokitumia kila mahali: kwa lori linalochukua mahindi, kwa barua yenye salamu, kwa mwanasheria anayehamisha miliki ya kiwanja, kwa mkalimani anayetoa maana. Sisi tumezigawa kazi hizo. Kuna kubeba, kuna kusafirisha, kuna kuhamisha, kuna kupeleka, kuna kuarifu na kupasha habari, kuna kuwasilisha, na kuna kufikisha. Waandaaji wa FNB waliishia kwenye kuwasilisha: mtu amewekwa, anaonekana, ratiba imetimia. Kufikisha hupimwa upande wa pili, kwa anayepokea, na upande huo hawakuuliza mtu. Kiziwi mmoja tu angeulizwa kwa ishara ya kidole gumba, juu au chini, mambo yote yangejulikana kabla Obama hajapanda.

Wakati mwingine naambiwa namdai mno mwandaaji wa shughuli iliyopangwa kwa siku tano, kwani Mandela alifariki tarehe 5 Desemba. Basi tuwatazame wakongwe. Kesi ya viongozi wa Wanazi kule Nuremberg, Ujerumani, ilifunguliwa tarehe 20 Novemba 1945, katika nchi iliyobomolewa na vita, kwa lugha nne kwa pamoja, na ukalimani sambamba wa kiwango kile ulikuwa haujawahi kujaribiwa mahakamani. Léon Dostert, aliyepanga ukalimani huo, aliunda vikosi vitatu vya watu 12. Kimoja kikiwa kazini mahakamani, cha pili kilikaa chumba cha jirani kikisikiliza ili kiingie bila kupoteza mkondo wa kesi, na cha tatu kilipumzika. Taa ya njano ilimwambia msemaji apunguze kasi, nyekundu ilimwambia asimame. Na kando ya wakalimani alikaa msimamizi aliyefuatilia ubora wa kazi, mwenye uwezo wa kumtoa aliyeshindwa na kumweka mwingine. Palikuwa na waliolemewa na ushahidi wa kutisha wakaondolewa kwenye kipaza sauti. Kesi haikusimama kwa ajili hiyo. Miaka 68 baadaye, kwenye uwanja uliojaa kamera za dunia, mtu mwenye kazi ya msimamizi yule hakuwepo.

Kulikuwa na jambo la ujira pia. Naibu waziri aliyehusika alikiri kwamba kosa lilitendeka, na kwamba kiwango alicholipwa mkalimani kilikuwa chini ya kile cha kawaida. Hapa ndipo ninapoirudia ile kero yangu ambayo wasomaji wa safu hii wanaijua. Katika bajeti ya shughuli, hema lina bei yake, spika zina bei yake, chakula kina bei yake, halafu mkalimani wa lugha ya alama hutafutwa jana yake jioni kwa pesa zilizobaki. Kwenye televisheni zetu hali ni ileile. Anapewa kisanduku kidogo kwenye kona, kamera inamkata viwiko, na utepe wa habari mpya unapita juu ya vidole vyake. Anayepanga picha hiyo hawezi kukubali msomaji wa habari afunikwe mdomo.

Kero ya pili ni wanaodhani lugha ya alama ni moja dunia nzima, hivyo yeyote "anayejua alama" anafaa popote. Wamarekani na Waingereza wanaongea Kiingereza, lakini alama za viziwi wa Marekani zina undugu na za Ufaransa kuliko za Uingereza. Kwa upande wa kumthamini kiziwi, mfano wangu ni Andrew Foster. Alikuwa Mmarekani mweusi, kiziwi, mhitimu wa Gallaudet wa mwaka 1954. Alifika Ghana mwaka 1957 na kuanzisha shule zaidi ya 30 za viziwi katika Afrika, mpaka alipokufa kwa ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987. Mtu huyo hakungoja serikali imwambie viziwi wanastahili kuelewa.

Sheria zimesonga mbele tangu zama za Foster. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikwisha iweka Lugha ya Alama ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Afrika Kusini iliifanya ya kwake kuwa lugha rasmi ya 12 mwaka 2023, miaka kumi baada ya FNB, na ninaipongeza. Lakini hati ya sheria haimshushi mtu jukwaani.

Kwa hiyo nawaomba waandaaji wa shughuli za kitaifa, wa Dodoma, wa Nairobi na kwingineko: mwekeni kiziwi mmoja anayeijua lugha yake mstari wa mbele, mpeni simu ya mkurugenzi wa matangazo, na akisema hafikiwi, badilisheni mkalimani hapohapo, hata kama rais yuko katikati ya sentensi.