Kitabu cha Haidt: nusu inayosomwa na nusu inayorukwa

Kama una kijana nyumbani, huenda umeshasikia habari za The Anxious Generation, kitabu cha Jonathan Haidt cha mwaka 2024. Hoja yake ni hii: kati ya 2010 na 2015 utoto wa michezo uligeuka utoto wa simu, na ndiyo maana wasiwasi na huzuni vikapanda kwa vijana, hasa wasichana.

Kinasomeka vizuri. Shida iko hapo kwenye "ndiyo maana". Mambo mawili yakipanda pamoja, si lazima moja liwe limezaa jingine. Kijana mwenye huzuni naye hukimbilia simu. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski walichapisha uchambuzi wa takwimu za vijana 355,358 wa Marekani na Uingereza. Uhusiano mbaya ulikuwepo, ila teknolojia za kidijitali zilieleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Lakini usishangilie mapema. Huo ni wastani wa umati. Haukuambii chochote kuhusu mwanao anayekesha na TikTok.

Hata hivyo, lawama kubwa naiweka kwetu sisi wasomaji. Haidt anapendekeza mambo manne: simujanja zisubiri hadi miaka 14 hivi, mitandao ya kijamii hadi 16, shule zisiwe na simu, na watoto wapewe uhuru na majukumu zaidi katika maisha halisi. Matatu ni makatazo, na hayo ndiyo tunayoyabeba. La nne tunaliruka, kwa sababu linamdai mzazi.

Makatazo tunayo tayari. Shule nyingi za bweni Kenya na Tanzania haziruhusu simu. Likizo ikifika, kijana anarudi, anashika simu, anajifungia chumbani. Je, muhula mzima bila simu umemfundisha kuongea na baba yake?

Basi anzia hilo la nne. Mpe hela ya sokoni aamue mwenyewe mtakula nini, kisha mpike pamoja; vijana wengi huongea vizuri mikono ikiwa na kazi kuliko wakikalishwa kwenye kikao. Muulize anachotazama, na umsikilize kabla hujamkosoa. Na simu yako je? Iweke mbali kwanza. Ukimnyang'anya yake bila kumpa nafasi kwako, umempunguzia skrini tu, hujamrudisha.